Boti ya Umeme Inawapunguzia Nini Viumbe vya Majini? Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi iliyoeleza jinsi boti inavyoweza kuendeshwa kwa betri badala ya petroli au dizeli, na tukazigusa kwa sentensi mbili tu faida zake kwa maji na viumbe wanaoishi humo. Sentensi hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua sita, tukafupisha baadhi bila kugeuza maana.

Ndugu Mhariri, nimeendesha boti ziwani kwa miaka mingi, na mashine yangu ni ile ya petroli inayofungwa nyuma ya chombo. Mliandika kwamba mashine ya namna hii huchafua maji hata ikiwa nzima. Mimi ninachokiona ni utando wa rangirangi wakati wa kujaza mafuta, na baada ya muda hutoweka. Ni kitu gani hasa kinachoingia majini? — *Mwendesha boti*

Utando huo, ndugu yetu, ni sehemu ndogo tu ya kinachoingia, na kutoweka kwake hakumaanishi kwamba umekwisha. Sehemu moja ya petroli hupanda hewani kama mvuke, nyingine huyeyuka ndani ya maji, na nyingine hushikamana na chembe za tope na kuzama nazo hadi chini, mahali ambapo jicho lako halifiki lakini kaa, konokono na samaki wanaotafuta chakula kwenye matope wanafika.

Hukutuambia kama mashine yako ni ya mipigo miwili au ya mipigo minne, yaani pistoni yake hupiga mara ngapi kukamilisha duru moja ya kuchoma mafuta, na hilo ndilo swali la kwanza. Ikiwa ni ya mipigo miwili ya mtindo wa zamani, ile unayoichanganyia oili ndani ya petroli, basi tatizo limo katika namna ilivyoundwa: mchanganyiko mpya unapoingia kwenye silinda, tundu la kutolea moshi bado liko wazi, hivyo sehemu ya mafuta hupita moja kwa moja bila kuungua. Kiasi kinachopotea kwa njia hiyo kimekadiriwa kuwa kati ya asilimia 20 na 30. Kwa maneno mengine, katika kila lita kumi unazonunua, lita mbili au tatu zinaweza kutoka zikiwa mafuta mabichi yaliyochanganyika na oili. Kwa kuwa mashine nyingi za boti hutoa moshi wake chini ya maji ili kupunguza kelele, maji ndiyo yanayoupokea kwanza. Ziwa Tahoe, lililo mpakani mwa California na Nevada nchini Marekani na linalosifika kwa maji yake maangavu, lilipiga marufuku mashine za mipigo miwili zenye kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye silinda) mwaka 1999 kwa sababu hiyo hiyo. Mashine za mipigo minne, na zile za mipigo miwili zinazodunga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ni safi zaidi kwa mbali, na si haki kuzitia zote katika kapu moja.

Ndani ya mafuta na moshi wake kuna kundi la kemikali ambazo wanakemia huziita hidrokaboni aromatiki zenye pete nyingi. Jina ni refu, lakini madhara yake yamejulikana kwa uchungu. Baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka huko Alaska mwezi Machi 1989 na kumwaga takriban lita milioni 40 za mafuta ghafi, watafiti waliofuatilia mayai ya samaki wa eneo hilo waligundua kwamba kemikali hizo, hata zikiwa kidogo sana majini, huharibu moyo wa kijusi cha samaki wakati unapoanza kujengeka. Samaki huweza kuanguliwa akionekana mzima, kumbe moyo wake hautamfikisha mbali. Jambo lingine linalozidisha hatari ni mwanga wa jua. Samaki wachanga wengi wana miili inayopitisha mwanga kama kioo, na kemikali hizo zikishaingia mwilini, miale ya jua huzifanya kuwa sumu kali zaidi. Tabaka la juu la maji, penye mayai yanayoelea na viumbe wachanga, ndilo tabaka lile lile linalobeba utando wako wa rangirangi na ndilo linalopigwa na jua zaidi.

Boti zenye mashine ya dizeli iliyofungwa ndani zina mlango mwingine wa uchafu, nao ni ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji hukusanyika. Oili hudondoka kidogo kidogo kutoka kwenye mashine, hukutana na maji yaliyoingia kwenye ngama, kisha pampu inawashwa na mchanganyiko wote unatupwa nje. Manahodha wengi wanaojali usafi wa sitaha zao hawahesabu jambo hili kuwa uchafuzi kwa sababu limekuwa desturi ya kazi.

Mota ya umeme haina tangi la petroli, haina bomba la moshi na haina oili ya injini. Baadhi huwa na oili kidogo kwenye giabox, na mpira wake wa kuzuia uvujaji ukichakaa inaweza kuvuja, lakini hapo tunazungumzia vijiko, si madebe. Kwa ziwa, mto unaokwenda polepole au ghuba ambayo maji yake hayabadiliki haraka, tofauti hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Bahari kuu huyachukua mafuta na kuyatawanya, lakini maji yaliyozingirwa na nchi kavu hubaki nayo.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Mwalimu wetu alisema boti za umeme zinawasaidia samaki kwa sababu hazina kelele. Je, samaki wana masikio? Na kama wanayo, kelele ya boti moja inawadhuru vipi? — *Mwanafunzi*

Wanayo, ila yamefichika ndani ya fuvu. Kila sikio lina vijiwe vidogo vya chokaa, na sauti inapopita, mwili wa samaki hutikisika pamoja na maji huku vijiwe hivyo, kwa uzito wake, vikichelewa kidogo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo samaki anayoisikia. Wavuvi wanaofahamu kazi yao wanajua kwamba hupaswi kuangusha kasia ndani ya mtumbwi unapokaribia kundi la samaki.

Sauti husafiri majini kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na hufika mbali kabla ya kufifia. Ndani ya maji, ambamo mwanga hufa upesi, sauti ndiyo macho ya viumbe wengi. Kwa sauti samaki dume huita jike, pomboo humtambua ndugu yake, na samaki wachanga wa matumbawe walioanguliwa na kupeperushwa baharini huitafuta njia ya kurudi kwenye mwamba kwa kufuata mlio wa mwamba wenyewe, ambao umejaa milio ya kamba na samaki.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa karibu na kisiwa cha Lizard, kwenye Matumbawe Makuu ya Australia. Watafiti waliwachunguza samaki wadogo wa matumbawe pamoja na samaki mla wenzake, kwanza penye utulivu na kisha penye kelele ya boti zenye mashine. Penye kelele, idadi ya wadogo walioliwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya walioliwa penye utulivu, kwa kuwa hofu iliwavuruga wakachelewa kukimbia. Majaribio mengine ya mahali hapo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalilinganisha mashine za mipigo miwili na za mipigo minne, na ikaonekana kwamba zile za mipigo minne, ambazo ni tulivu zaidi, ziliwavuruga samaki kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kelele inaweza kuua bila kumgusa samaki; inamkabidhi kwa adui yake.

Ushahidi wa pili ulipatikana kwa bahati, tena bahati mbaya ya watu wengine. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, safari za meli zilipungua ghafla katika Ghuba ya Fundy nchini Kanada, na kelele ya chini ya maji ikashuka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Watafiti waliokuwa wakikusanya kinyesi cha nyangumi wa eneo hilo kwa uchunguzi mwingine kabisa walikuta baadaye kwamba homoni zinazoonyesha msongo wa mwili zilikuwa zimepungua katika siku hizo za utulivu. Hakuna mtu angeweza kupanga jaribio la namna hiyo.

Lakini mwambie mwalimu wako kwamba neno "hazina kelele" limepita kiasi. Mota ya umeme huondoa mngurumo wa injini. Haiondoi sauti ya rafadha, yaani panga linalozunguka majini na kuisukuma boti. Rafadha inapozunguka kwa kasi, maji yaliyo nyuma ya mabapa yake hupungua shinikizo hadi yanatoa viputo, na viputo hivyo vinapopasuka hutoa mchakacho mkali unaosikika mbali. Boti ya umeme inayokimbia inaweza kuwa na kelele nyingi kuliko boti ya dizeli inayojikokota. Utulivu wa kweli unapatikana mahali ambapo mota ya umeme na mwendo wa pole vimekutana.

Ikiwa boti hizi haziwezi kusikika, je, kasa na nguva hawatagongwa zaidi? Mimi huona kwamba afadhali mnyama asikie adui anakuja. — *Msomaji mwenye wasiwasi*

Wasiwasi wako una mantiki, na tulipousoma tulidhani tutaukubali. Uchunguzi uliofanywa katika Ghuba ya Moreton, Australia, na kuchapishwa mwaka 2007, unaonyesha vingine kuhusu kasa. Boti yenye mashine ya kawaida, ambayo kasa angeweza kuisikia kama kusikia kungetosha kumwokoa, ilipita juu yao kwa mwendo tofauti. Ilipokwenda kilomita 4 kwa saa, asilimia 60 ya kasa walioonekana walikimbia kuiepuka. Ilipofika kilomita 11, waliokimbia walikuwa asilimia 22. Kwa kilomita 19, walibaki asilimia 4 tu. Watafiti walihitimisha kwamba kasa hutegemea macho zaidi kuliko masikio, na kwamba boti iendayo kasi humfikia kabla hajaiona vizuri. Kwa nguva wa Florida vilevile, mamlaka zimeweka maeneo ya mwendo wa pole badala ya kutaka boti zipige kelele. Chanzo cha hatari ni kasi, nayo haijali aina ya nishati iliyoizalisha.

Mhariri, naomba tusidanganyane. Umeme huo unatoka wapi? Kama unazalishwa kwa makaa ya mawe, na betri yenyewe imechimbwa kutoka ardhini huko mbali, basi hamjasafisha chochote. Mmehamisha uchafu kutoka kwangu kwenda kwa mwingine. — *Msomaji asiyeridhika*

Ndiyo, kwa sehemu uchafu umehama, na gazeti linaloficha hilo halimtendei haki msomaji wake. Lithiamu, nikeli na kobalti huchimbwa, na machimbo hugharimu maji na ardhi ya watu. Aina mojawapo ya betri, ile ya lithiamu, chuma na fosfati, haitumii kobalti wala nikeli. Ni nzito kidogo zaidi, lakini boti za kazi huvumilia uzito kuliko gari, na betri hiyo huhimili chaji nyingi zaidi kabla ya kuchakaa.

Kuhusu makaa ya mawe, fikiria mambo mawili. La kwanza ni hesabu ya nishati. Mashine ndogo ya petroli mara nyingi haigeuzi hata robo ya nishati ya mafuta kuwa mzunguko wa rafadha. Iliyobaki hutoka kama joto na moshi. Mota ya umeme hugeuza karibu asilimia 90. Lakini ukihesabu pia nishati inayopotea kwenye mtambo wa makaa wenyewe, faida hiyo inaliwa karibu yote, na kwa hewa ukaa peke yake huenda usipate nafuu ya kutaja. Palipo na umeme wa maji, upepo, jua au joto la ardhi, nafuu ni kubwa bila ubishi. Norway, ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye maporomoko na mabwawa, haikubahatisha ilipokuwa ya kwanza kuingiza kivuko cha magari kinachotumia betri pekee: Ampere, kilichoanza kazi mwaka 2015 katika ghuba ya Sognefjord, kikivuka takriban kilomita 6 kwa dakika 20. Kwa kuwa nyaya za umeme za vijiji vya pande zote mbili zilikuwa hafifu, ziliwekwa betri nyingine kwenye magati yenyewe, zinazojazwa polepole kivuko kikiwa safarini na kumimina umeme wake haraka kinapofika. Na huko Kerala, India, boti ya abiria 75 iitwayo Aditya imekuwa ikivusha watu tangu mwaka 2017 huku sehemu kubwa ya nishati yake ikitoka kwenye paneli za jua zilizo juu ya paa lake.

La pili ndilo ambalo barua yako imelipita. Hata pale ambapo umeme ni wa makaa, mafuta hayamwagiki tena ndani ya maji ambamo samaki wanazaliana. Moshi wa mtambo unatoka kwenye bomba moja linaloweza kuchujwa na kusimamiwa. Moshi wa boti elfu moja unatoka kwenye mabomba elfu moja, na mengi yake yamezamishwa majini. Swali la hali ya hewa ya dunia na swali la uhai wa ziwa moja yanagusana, lakini si swali moja.

Tukubaliane pia juu ya mpaka wa betri. Kilo moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa 12 za nishati, na kilo moja ya betri ya lithiamu hubeba kati ya 0.15 na 0.25. Ukishapunguza upotevu wa injini, dizeli bado inaongoza kwa zaidi ya mara kumi. Kivuko Ellen cha Denmark, kilichoanza kazi mwaka 2019, kimebeba betri za megawati-saa 4.3 ili kwenda na kurudi takriban maili 22 za baharini. Meli ya mizigo inayovuka bahari kuu haitaendeshwa hivyo karibuni, na anayeahidi kinyume chake anauza kitu.

Mto wetu unaliwa kingo na mawimbi ya boti, na majani ya bahari mlangoni mwa mto yamekatwakatwa. Je, boti za umeme zitatibu hayo? — *Mkazi wa kandokando ya mto*

Zenyewe, hapana. Wimbi linalopiga ukingo linatokana na umbo la boti, uzito wake na mwendo wake. Betri ni nzito, na boti nzito iliyoundwa vibaya huzaa wimbi kubwa zaidi. Rafadha nayo hukata majani ya bahari kwa ukali ule ule, iwe inazungushwa na petroli au umeme, na mizizi yake ikishang'olewa huchukua miaka kurudi. Vivyo hivyo rangi za kuzuia konokono na mwani kwenye tako la chombo, yaani sehemu yake ya chini inayokaa majini: zile zenye misombo ya bati, zilizowafanya konokono wa kike waote viungo vya kiume, zilikatazwa na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008, lakini nyingi za leo hutoa shaba ndani ya maji, na boti ya umeme hupakwa rangi hizo hizo.

Hata hivyo umeme una namna ya kumfundisha nahodha adabu ambayo petroli haina. Kwa chombo kinachopasua maji bila kuruka juu yake, nguvu inayohitajika hupanda karibu kwa kipeo cha tatu cha mwendo, yaani ukipunguza mwendo kwa nusu, mota itahitaji takriban moja ya nane tu ya nguvu. Mwenye tangi la petroli halioni jambo hilo mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye betri analiona papo hapo kwenye kioo kilicho mbele yake, kilomita zilizobaki zikipungua kila anapobonyeza, na hupunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Wimbi hupungua naye. Zipo pia boti za umeme zenye mabawa chini ya maji yanayoliinua tako lote juu, kama ile iliyoanza kubeba abiria Stockholm mwaka 2024. Hizo huacha wimbi dogo sana hata zikikimbia, ingawa mabawa hayo yanataka kina cha kutosha na hayafai penye majani ya bahari.

Sisi ni kikundi chenye boti kadhaa, na tuna uwezo wa kubadili moja tu kwa sasa. Tuanze na ipi, ikiwa nia yetu ni kuyanusuru maji? — *Katibu wa kikundi*

Anzeni na ile yenye safari fupi zinazojirudia, inayolala kwenye gati lile lile kila siku, na inayopita kwenye maji ya kina kifupi au yaliyozingirwa, hasa kama ina mashine kuukuu ya mipigo miwili. Boti inayokwenda mbali na kwa kasi iacheni mwisho. Mkumbuke kwamba hamuanzi jambo geni: mwaka 1838 Moritz Jacobi aliendesha boti ya umeme yenye abiria kwenye Mto Neva, Saint Petersburg, na tangu mwaka 1909 boti za umeme zimekuwa zikibeba wageni kwenye ziwa la Königssee, Ujerumani.

Fundi ahakikishe kwamba waya wa kuchajia gatini una kinga dhidi ya umeme unaovuja majini, kwani umeme huo hula vyuma vya tako na kumaliza upesi vipande vya zinki vinavyofungwa hapo kuvikinga dhidi ya kutu, na unaweza kumuua mtu anayeogelea karibu. Betri isilazwe ndani ya ngama. Na mashine ya zamani mtakapoiondoa, imalizeni petroli na oili yake nchi kavu, ndani ya chombo chenye mfuniko, kabla ya kuifungua kutoka kwenye boti, kwa sababu mashine inayoinamishwa juu ya maji ikiwa na mafuta ndani yake humwaga kwa dakika moja kiasi ambacho ingekimwaga kwa siku nyingi.